Mafuta ya karafuu, mchaichai na kivumbasi dhidi ya mbu wa malaria: uwezo wake na mipaka yake

Chupa ndogo za mafuta ya karafuu, mchaichai na mkaratusi si ngeni tena katika maduka ya viungo, ya vipodozi na ya dawa za asili nchini. Baadhi yake huuzwa kwa maelezo kwamba hufukuza mbu, na nyingine kwa maelezo kwamba humuua kabisa. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, kwa sababu mimea hiyo kweli ina kemikali zinazomsumbua mbu na, kwa kipimo cha kutosha, kumwangamiza. Linalosahaulika mara nyingi ni muda. Kinga inayodumu saa moja au mbili haiwezi kumlinda mtoto anayelala saa nane, na familia inayoweka chandarua kando kwa kuamini chupa ya mafuta huwa imepunguza kinga yake ilhali inadhani imeiongeza.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 duniani kulikuwa na wagonjwa wa malaria wanaokadiriwa kufikia milioni 263, na watu takriban 597,000 walipoteza maisha. Asilimia 95 ya vifo hivyo ilitokea katika Kanda ya Afrika ya WHO, na waliokufa wengi walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Tanzania ni miongoni mwa nchi nne ambazo kwa pamoja zilibeba zaidi ya nusu ya vifo vyote, nyingine zikiwa Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Niger. Hata hivyo, nchi imepiga hatua. Tafiti za kitaifa zinaonesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watoto wa umri huo kilishuka kutoka zaidi ya asilimia 14 mwaka 2015/16 hadi takriban asilimia 8 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo imetokana na vyandarua vyenye dawa, upuliziaji wa dawa ukoko majumbani katika maeneo yaliyochaguliwa, upimaji wa haraka na matibabu kwa dawa mseto.

Mafuta yanayokenekwa

Mafuta yanayozungumzwa hapa si yale ya kukamua kama ya alizeti, nazi au ufuta. Ni mafuta mepesi yenye kunukia ambayo mmea huyahifadhi katika majani, maua, magome au matunda yake, na ambayo hupatikana kwa kukenekwa. Majani au maua huwekwa katika pipa kubwa, mvuke wa maji hupitishwa ndani yake, mvuke huo hubeba mafuta, kisha hupoozwa katika mabomba hadi mafuta na maji yatengane. Watanzania wana mfano wa karibu wa kazi hiyo. Kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, chini ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), hukeneka makonyo ya karafuu, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ambavyo vingekuwa taka. Majani ya mkarafuu nayo hutoa mafuta ya aina hiyo, ijapokuwa kwa kiasi kidogo kuliko makonyo, na makonyo kwa kiasi kidogo kuliko karafuu yenyewe.

Kila mmea una mchanganyiko wake. Kiini cha mafuta ya karafuu ni eujenoli, kemikali ileile inayotoa harufu ya karafuu na inayotumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu; kwa kawaida huwa ni zaidi ya theluthi mbili ya mafuta yote. Mchaichai hutawaliwa na sitrali, yenye harufu ya limau. Nyasi za jamaa yake zinazotoa mafuta ya sitronela zina sitronelali na jeranioli. Mrehani wa porini unaostawi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambao jina lake la kisayansi, Ocimum kilimandscharicum, limetokana na Mlima Kilimanjaro, una kafuri kwa wingi. Kivumbasi ni mfano mzuri wa ugumu unaowakabili watafiti. Mmea unaofanana kwa sura na harufu unaweza kuwa na eujenoli nyingi katika eneo moja na thimoli nyingi katika eneo jingine, kutegemea aina ya mbegu, udongo, mwinuko na msimu wa kuvuna. Chupa mbili zenye lebo moja zinaweza hivyo kuwa na nguvu mbili tofauti, jambo lisilokubalika kwa bidhaa inayotegemewa kulinda uhai.

Namna yanavyomgusa mbu

Mbu jike wa jamii ya Anofelesi humtafuta mtu kwa kufuata hewa ya kaboni dayoksaidi anayoitoa, harufu ya ngozi yake na joto la mwili. Mvuke wa mafuta ya kunukia huvuruga vipokezi vya harufu katika papasi za mbu, naye hushindwa kumtambua mtu au huondoka. Huko ni kufukuza. Kuua ni jambo jingine, na huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Baadhi ya kemikali hizo huingia katika mfumo wa fahamu wa mdudu. Eujenoli, kwa mfano, huathiri utendaji wa oktopamini, kichocheo ambacho wadudu hukitegemea sana katika mwendo na mapigo ya moyo, lakini ambacho hakina nafasi kubwa katika mwili wa binadamu. Nyingine huzuia kimeng'enya kinachosafisha njia ya mawasiliano kati ya neva moja na nyingine, na mdudu hupooza. Katika maji, mafuta hupenya ngozi laini ya viluwiluwi na kuharibu seli zao.

Kwa kuwa mafuta ya mmea mmoja huwa na kemikali nyingi kwa pamoja, na kila moja hushambulia mahali pake, watafiti wengi wanaamini kuwa mbu atachelewa kuyajengea usugu kuliko anavyochelewa kwa dawa yenye kiini kimoja. Hii ndiyo sababu kubwa ya kitaalamu ya kuendelea kuyachunguza, na ni sababu nzito kuliko neno "asilia" linaloandikwa kwenye vifungashio. Asili peke yake haielezi usalama wala ubora wa kitu. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili.

Matokeo ya maabara huvutia. Viluwiluwi vilivyowekwa katika glasi ya maji safi hufa ndani ya saa 24 kwa kiasi kidogo sana cha mafuta ya karafuu, mchaichai au kivumbasi. Dimbwi la mfinyanzi lililopo nyuma ya nyumba si glasi ya maabara. Lina tope, majani yanayooza, jua kali na mvua inayoongeza maji kila siku, na mafuta yaleyale hupotea hewani au huvunjwavunjwa na mwanga kabla ya kazi kukamilika. Kwa mazalia ya mbu, nchi imechagua njia nyingine ya kibaiolojia: viuadudu vya bakteria vinavyozalishwa katika kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Viuadudu hivyo huua viluwiluwi vinapovila, na havidhuru samaki wala mifugo.

Muda wa kinga

Jaribio linalotajwa mara nyingi kuhusu vifukuza mbu vinavyopakwa kwenye ngozi lilichapishwa mwaka 2002 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watafiti wa Marekani walilinganisha bidhaa zilizokuwa madukani kwa kuwataka watu waliojitolea kuingiza mikono iliyopakwa ndani ya vizimba vya mbu. Bidhaa yenye DEET, kemikali ya kiwandani, kwa kiwango cha asilimia 23.8 ililinda kwa wastani wa takriban saa tano. Bidhaa za sitronela zililinda kwa chini ya dakika 20. Bidhaa iliyotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau ilifikia takriban saa mbili. Mbu waliotumika hawakuwa Anofelesi bali Aedes, wanaoeneza homa ya dengue. Hata hivyo mpangilio wa matokeo, yaani mafuta ya mimea kudumu kwa muda mfupi kuliko DEET, umejirudia katika majaribio mengi yaliyofuata.

Mafuta ya karafuu yalifanya vizuri zaidi katika jaribio jingine lililofanyika nchini Thailand na kuchapishwa mwaka 2005, ambako mafuta ya mimea 38 yalipimwa kwa aina tatu za mbu, mmoja wao akiwa mbu wa malaria wa Kusini Mashariki mwa Asia. Karafuu iliongoza: ilizuia kabisa kuumwa kwa saa mbili hadi nne. Lakini matokeo hayo yalipatikana kwa mafuta ambayo hayakuchanganywa na kitu chochote. Yalipopunguzwa makali hadi asilimia 50 au 10, hakuna mafuta yoyote kati ya hayo 38 yaliyozuia kuumwa kwa saa mbili kamili.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo muuzaji hulitaja kwa nadra. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huwasha ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta mzio na vidonda. Yakichanganywa hadi ngozi iweze kuyastahimili, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mafuta yenye nguvu ya kutosha hayapakiki salama, na yanayopakika salama hayadumu. Wataalamu wanajaribu kulivuka tatizo hilo kwa njia mbalimbali, zikiwemo kuchanganya mafuta na vanilini, ambayo hupunguza kasi ya kuyeyuka hewani, na kuyafunga ndani ya vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoyaachia kidogo kidogo. Katika maabara mbinu hizo zimerefusha muda wa kinga kwa saa kadhaa.

Bidhaa moja ya asili ya mimea imefanikiwa kuvuka kizingiti cha mamlaka za udhibiti za kimataifa. Ni PMD, kemikali inayopatikana katika mabaki ya mkaratusi wa limau baada ya mafuta kukenekwa, na ambayo sasa hutengenezwa kwa kuyabadili mafuta yenyewe kikemikali. Hudumu muda mrefu kwa sababu haiyeyuki hewani haraka. Mamlaka za afya za Marekani huipendekeza pamoja na DEET, kwa masharti kwamba isitumike kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitatu. Mafuta ghafi ya mkaratusi, ambayo ndiyo yanayopatikana kwa urahisi madukani, si PMD, na hayapaswi kuchukuliwa kuwa na uwezo uleule.

Moshi, majani na ua wa nyumba

Kabla ya chupa, kulikuwa na jiko na majani. Katika jamii nyingi nchini kivumbasi huning'inizwa dirishani, husuguliwa mwilini au hutupwa kwenye makaa jioni. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 waliichukua desturi hiyo kwa uzito unaostahili: waliwauliza wakazi mimea wanayoitumia, kisha wakaipima. Walithibitisha kuwa mimea ya jamii ya kivumbasi iliyotajwa na wakazi hao kweli hufukuza mbu wa malaria. Elimu ya wazee, kwa maneno mengine, ilifaulu mtihani. Kinachohitaji tahadhari ni namna ya matumizi. Moshi unaojaa chumbani humfukuza mbu na wakati huohuo huumiza mapafu ya mtoto, na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wadogo kwa wingi. Majani yanayopashwa joto bila kuunguzwa hutoa mvuke wenye harufu na moshi kidogo zaidi.

Jaribio jingine la Tanzania, lililochapishwa mwaka 2011, lilitazama mimea ikiwa hai. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi nyingi na majani yenye harufu kali, kilipandwa kuzunguka nyumba za vijijini, na nyumba hizo zilionekana kuingiliwa na mbu kwa takriban nusu tu ya kiasi kilichoingia katika nyumba zisizo na mimea hiyo. Ni matokeo mazuri kwa njia isiyo na gharama kubwa, lakini lantana ni mmea vamizi unaoharibu malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Mfugaji ana sababu ya kuukataa.

Pareto na ufuta

Swali la kama mmea unaweza kuwa msingi wa vita dhidi ya malaria lilikwishajibiwa, na jibu lake lilipita katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Pareto, ua jeupe linalolimwa Mufindi, Makete, Mbeya na maeneo ya Ngorongoro, lina pairethrini, kemikali zinazomwangusha mdudu ndani ya sekunde. Pareto haimo katika kundi la mafuta ya kunukia, kwa kuwa kiini chake hutolewa kwa vimumunyisho na si kwa mvuke, lakini ilikuwa na udhaifu uleule: huvunjwa na jua kwa saa chache. Wanasayansi wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walifanya kazi kwa miaka mingi kuiga umbo la kemikali hiyo, na mwaka 1973 walitangaza permethrini, isiyoharibiwa na mwanga kwa haraka. Permethrini na ndugu zake, zinazojulikana kwa pamoja kama pairethroidi, ndizo zilizotumika kutia dawa vyandarua vilivyosambazwa barani Afrika. Chandarua kinachotundikwa kitandani leo ni mjukuu wa ua la pareto.

Mbu nao hawakukaa kimya. Usugu dhidi ya pairethroidi umeenea karibu kote barani, na hapo historia ikarejea tena kwenye mafuta ya mimea. Mwaka 1940 iligunduliwa kuwa mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pareto, ijapokuwa yenyewe hayamuui mdudu. Uchunguzi wa sababu yake ulifungua njia ya kutengenezwa kwa piperonili butoksaidi, au PBO, mwaka 1947, kwa kutumia safroli inayopatikana katika mafuta ya kunukia ya mti wa sasafrasi. PBO huzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunja dawa mwilini mwake. Takriban miaka 70 baadaye, vyandarua vyenye pairethroidi na PBO vilijaribiwa katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet yalionesha kuwa miezi tisa baada ya ugawaji, asilimia 29 ya watoto waliopimwa katika vijiji vilivyopata vyandarua hivyo walikuwa na vimelea vya malaria, ikilinganishwa na asilimia 42 katika vijiji vilivyopata vyandarua vya kawaida.

Jaribio la pili, lililofanyika Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionesha kuwa faida ya PBO hufifia kadiri chandarua kinavyozeeka, na kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya klorfenapiri vilifanya vizuri zaidi. Baada ya miaka miwili, maambukizi kwa watoto yalikuwa takriban asilimia 26 kwa vyandarua hivyo na asilimia 46 kwa vile vya kawaida. Mwaka 2023 WHO ilivipendekeza rasmi. Watoto wa Muleba na Misungwi, pamoja na wazazi waliokubali nyumba zao zitembelewe mara kwa mara, wamechangia uamuzi unaotumika sasa katika nchi nyingi.

Safari hiyo ya pareto na ufuta ilichukua miongo mingi kutoka shambani hadi kitandani, na katika kila hatua kipimo kilikuwa kimoja: muda wa kudumu na idadi ya watoto wasiougua. Dawa ya kupulizia ukutani hutarajiwa kudumu miezi kadhaa. Chandarua cha muda mrefu hutakiwa kubaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20. Mafuta ya kunukia yanayouzwa leo, yakiwa katika hali yake ghafi, hayajafikia vipimo hivyo.

Saa ambazo chandarua hakipo

Pamoja na hayo, ipo nafasi ambayo chandarua hakiwezi kuijaza. Anopheles funestus, ambaye katika maeneo kama Bonde la Kilombero ndiye anayeambukiza sehemu kubwa zaidi ya malaria, huuma hasa ndani ya nyumba usiku wa manane. Anopheles arabiensis huuma pia mapema jioni na nje ya nyumba, wakati watu wanapika, wanakula, wanatazama mpira au wanamalizia biashara. Mama lishe, mlinzi wa usiku, mvuvi wa dagaa na mkulima anayelala shambani kulinda mpunga dhidi ya wanyama hukaa saa nyingi bila kinga yoyote. Kwa watu hao, kifukuza mbu kinachodumu hata saa mbili si kitu cha kudharau, ili mradi kipakwe upya kinapoisha nguvu.

Msimamo wa WHO unaenda sambamba na hali hiyo. Shirika hilo halipendekezi vifukuza mbu vya kupaka viwe afua ya kukinga jamii nzima, kwa sababu ushahidi wa kupunguza maambukizi kwa jamii haujatosha, lakini linakubali kuwa vinaweza kumsaidia mtu mmoja mmoja. Kwa upande wa vifaa vinavyotoa dawa hewani bila moto wala umeme, mapendekezo ya kwanza yalitolewa mwaka 2025, baada ya ushahidi uliojumuisha jaribio kubwa la magharibi mwa Kenya. Dawa iliyotumika katika vifaa hivyo ni ya jamii ya pairethroidi. Taasisi ya Afya Ifakara nayo imejaribu dawa ya jamii hiyohiyo katika kamba na vitambaa vya mkonge vinavyofungwa kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, mahali ambapo mbu wengi hupenya kuingia ndani. Teknolojia ya kuachia mvuke kidogo kidogo ipo. Kinachosubiriwa ni mafuta ya mimea yanayoweza kuitumia kwa muda wa kutosha.

Usalama na sheria

Mwananchi anayenunua mafuta haya anapaswa kuyaona kuwa ni kemikali. Hayanywewi. Kiasi kidogo cha mafuta ya mkaratusi au yenye kafuri kikimezwa na mtoto kinaweza kuleta degedege, na mafuta ya karafuu yakimezwa yanaweza kuharibu ini. Chupa ihifadhiwe mahali ambapo mtoto hafiki, na anayemeza apelekwe kituo cha afya mara moja bila kutapishwa. Mafuta yasipakwe machoni, mdomoni, kwenye jeraha wala kwenye viganja vya mtoto, kwa kuwa mtoto hupeleka mikono mdomoni. Yasipakwe kamwe mwilini bila kuchanganywa, na kabla ya kuyatumia mara ya kwanza ni busara kujaribu tone lililochanganywa kwenye sehemu ndogo ya mkono na kusubiri siku moja. Kuyamwaga katika pipa la maji ya kunywa ili kuua viluwiluwi ni kosa. Pipa hilo linahitaji kifuniko.

Kwa upande wa Tanzania Bara, usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Bidhaa inayotangazwa kuwa huua wadudu ni kiuatilifu, iwe imetoka kiwandani au shambani, na asili yake ya mimea haiiondolei sharti la kusajiliwa. Lebo inapaswa kueleza kiini cha dawa na kiwango chake, namba ya usajili, mtengenezaji, namna ya kutumia, tahadhari, na tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Chupa isiyo na maelezo hayo haimpi mnunuzi njia ya kujua ndani kuna nini. Mjasiriamali anayekusudia kutengeneza kifukuza mbu kwa karafuu, mchaichai au kivumbasi anashauriwa kuwasiliana na mamlaka hiyo mapema, kabla ya kuchapisha lebo, kwa kuwa vipimo vya ufanisi hufanywa kwa bidhaa ileile itakayouzwa na si kwa mmea ilikotoka.

Mjamzito hupatiwa chandarua chenye dawa anapohudhuria kliniki, na wanafunzi wa shule za msingi katika mikoa iliyo katika mpango wa ugawaji hupatiwa shuleni. Mwenye homa, awe alipaka mafuta au hakupaka, anatakiwa kupimwa malaria ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Anayetilia shaka bidhaa ya kuua au kufukuza mbu inayouzwa katika eneo lake anaweza kuipeleka, ikiwa na kifungashio chake, kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TPHPA iliyo karibu.